Busta Kwenye Banda la Kuku

Wanangu mafundi, kabla hamjaniambia kwamba kazi ya kubonyeza kitufe haina cha kufundishana, vuteni viti mkae. Najua mnavyosema, maana mnanisema nikiwa nasikia. "Bi Mwaju, siku hizi unabonyeza hapa, unabonyeza pale, kazi imekwisha." Nimestaafu, sijawa kiziwi. Ni kweli unabonyeza hapa na unabonyeza pale. Kasheshe ni kujua hapa ni wapi, pale ni wapi, na kati ya hapa na pale wamekaa wazee gani.

Mimi nilianza na nguzo. Kisarawe, enzi za simu za mezani, tulipanda nguzo za miti kwa vyuma vya kuvaa miguuni, mkanda kiunoni, koleo mfukoni. Katika kikosi chetu mwanamke nilikuwa peke yangu. Nilivaa suruali ya kazi na khanga juu yake, kwa heshima ya walioko chini. Siku moja nikiwa juu kabisa, bwana mmoja akasimama akaniita, "Dada, shuka, mumeo anakutafuta." Nikamjibu, "Mwambie apande, mimi niko kazini." Kwa miaka mingi baada ya hapo, kila nikipita sokoni watu waliniuliza kama mume ameshapanda.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Mbegu, mtu mfupi, mpole, mpenda chai kupita kiasi. Sheria yake ilikuwa moja tu: usishike waya kabla hujanywa chai ya mwenye nyumba. Mimi damu inachemka, niliona ni uvivu wa kizee. Basi tukaitwa kwa mama mmoja ambaye simu yake ilikuwa ikikwaruza kila Jumamosi, siku nyingine safi kabisa. Mafundi walishambadilishia simu, wakambadilishia waya wa ndani, Jumamosi ikifika inakwaruza vilevile. Mzee Mbegu akaenda Jumamosi, akakaa barazani, akaomba chai. Akaongezewa. Mimi nimesimama na bisibisi mkononi, nimenuna. Mara mama akatoka na beseni la nguo, akaanza kuanika. Shuka la kwanza, la pili, khanga, na kamba ilipojaa akaendelea kuanika kwenye waya wa simu uliotoka nguzoni kuingia dirishani. Mzee Mbegu akaweka kikombe chini, akaniangalia. Simu ile iliponywa na kamba mpya ya kuanikia nguo.

"Nyumba inasema yenyewe," aliniambia tukirudi. "Ila haisemi na mtu aliyesimama."

Nyaya za shaba zilikwisha, nguzo zikang'olewa, tukahamia kwenye intaneti, na maneno ya Mzee Mbegu yakaendelea kunifaa. Mama mmoja wa Tumbi alilalamika kwamba intaneti yake inakufa kila anapopata wageni. Nilidhani anatania. Nikaenda kama mgeni, nikakaa sebuleni, nikatulia. Kumbe mama yule kila akisikia hodi anaichukua rauta, kile kisanduku kinachosambaza intaneti, anaifunika kitambaa cha kufuma chenye maua, anaiingiza kwenye kabati la vioo katikati ya masufuria aliyopewa siku ya harusi yake, kisha anafunga kwa ufunguo. Kwake yeye kitu cha thamani hakiachwi wazi mbele ya watu. Sikumcheka pale, nilicheka njiani hadi macho yakatoka machozi. Nilimshauri kitambaa akitandike chini ya rauta badala ya juu, na rauta yenyewe ikae juu ya kabati ambapo kila mgeni ataiona. Alifurahi mno, na intaneti yake haikufa tena.

Sasa tuje kwenye busta, kile kidude cha kuchomeka kwenye soketi, kinachodaka mtandao wa rauta na kuusogeza mbele. Kosa ninalolikuta hapa Kibaha ni lilelile, nyumba kwa nyumba. Mtu ana chumba cha uani ambako mtandao haufiki. Ananunua busta, anaichomeka hukohuko kwenye chumba cha uani, halafu ananipigia simu kwamba kauziwa kitu kibovu. Mwanangu, busta haizai mtandao, inaupokea na kuupitisha. Mkiwa mnazima moto kwa kupokezana ndoo, mtu wa katikati haendi kusimama kwenye moto. Anasimama pale ambapo mkono wake unaifikia ndoo ya mwenzake aliye karibu na kisima. Busta ikae katikati, mahali ambapo simu yako bado inaupata mtandao wa rauta vizuri.

Na kitufe cha kuunganisha busta na rauta kina adabu zake. Unabonyeza cha rauta, taa inaanza kupepesa, hapo una dakika mbili za kubonyeza cha busta. Gusa uachie, kama unavyobisha hodi kwa wakwe, halafu subiri. Busta nyingi, kitufe hichohicho ukikikandamiza kwa muda mrefu kinafuta kila kitu, inabaki kama ilivyotoka dukani. Hilo liwekeni akilini, maana lilitaka kuvunja harusi ya watu.

Harusi yenyewe ilikuwa ya Tatu, binti wa jirani yangu hapa mtaani Picha ya Ndege. Mama yake alifariki akimzaa, na aliyemlea ni bibi yake mzaa baba, Bi Mwamvua, huko Maneromango, mpaka alipokuja mjini kufanya kazi. Akapata mchumba, Shabani, Mnyamwezi wa Tabora, kijana mtaratibu sana. Ndoa ikapangwa ifungwe hapa kwa baba yake. Siku zilipokaribia, Bi Mwamvua akateleza kisimani, akavunjika mguu. Akafungwa hogo la plasta mpaka pajani, akakatazwa kutoka kitandani. Masika nayo ilikuwa imeshaanza, na barabara ya Maneromango ikilowa, hata mwenye miguu yote mizima hufikiria mara mbili.

Tatu akaja kwangu. Nilimpa kiti, hakukaa.

"Bi Mwaju, siolewi bila bibi kuniona."

"Sogezeni mbele basi, apone kwanza."

"Haiwezekani. Shabani amehamishiwa Kigoma, tunaondoka wiki inayofuata. Na ndugu zake wameshafika kutoka Tabora."

"Kwa hiyo utafanyaje?"

"Shehe akituma watu kuniuliza kama nimekubali, nitanyamaza."

"Binti akinyamaza wanahesabu amekubali."

"Basi nitasema hapana."

Nilimtazama nikajua hatanii. Nikamuuliza bibi mwenyewe anasemaje.

"Akipelekwa kwenye simu ya Baba Kondo... hapana, hata kupelekwa hawezi," alisema, na sauti ikaanza kumkatika. "Anatuma watu waniambie niende tu, nisimjali. Na waliotumwa wananiambia kwamba analia."

Nikafunga mkoba wangu wa kazi siku hiyohiyo.

Kondo, ambaye Tatu humwita Baba, ni mdogo wa baba yake mzazi, ndiye aliyebaki Maneromango na mama yake. Nyumba yake ya matofali iko mbele, upande wa barabara. Ya Bi Mwamvua ni ya udongo, kuta nene, iko nyuma kabisa, na kati ya nyumba hizo mbili kuna ua mpana na banda la kuku. Mtandao wa simu unatoka kwenye mnara ulio ng'ambo ya barabara, unafika dirisha la mbele la Kondo na kukomea hapo. Ukiingia uani simu yako inageuka tochi. Ndiyo maana Kondo aliweka rauta kwenye dirisha lile, na kwa ajili ya harusi akanunua busta. Alikuwa ameihangaikia siku nyingi hadi kakonda.

"Imekufa hii, fundi," aliniambia hata kabla sijavua viatu. "Inawaka nyekundu tu."

Kama mnavyotegemea, alikuwa ameichomeka ukutani juu ya kichwa cha mama yake. Nikamgeukia mkewe, Asha, nikamuuliza kama kuna chai. Kisha nikakaa mahali ninapouona ua wote, nikamwambia Kondo, "Fanya kama unavyofanya kila siku."

Akabonyeza rauta, akatoka mbio. Uani palikuwa na mkeka wa wazee waliokuja kumjulia hali Bi Mwamvua. Walikuwa wakija kila siku, maana yeye ndiye mkubwa wao wote. Kondo alipofika mkekani, mbio ziliisha.

"Shikamooni."

"Marahaba, Kondo. Umeamkaje?"

"Salama."

"Na watoto?"

"Wazima."

"Mama kaamkaje?"

"Anaendelea vizuri."

"Mvua imefika bondeni kwako?"

"Imefika, tunashukuru."

"Na kuku, wale waliokuwa wanasinzia?"

Akainama kwa kila mmoja, akajibu ya kuku, ya mihogo na ya shemeji aliyesafiri. Mzee wa mwisho anasikia kwa taabu, kwa hiyo kwake alianza upya kuanzia shikamoo. Alipoingia kwa mama yake na kubonyeza busta, rauta ilikuwa imeshakata tamaa zamani.

"Umeona, fundi?"

"Nimeona. Kwa nini Asha asisimame kule kwa mama, wewe ubonyeze huku?"

"Sasa nitamjulishaje? Nipige kelele juu ya vichwa vya wazee?"

Alikuwa na haki kabisa, na mimi nilicheka mpaka chai ikanipalia. Aliyebuni kile kitufe alipiga hesabu akaona dakika mbili zinatosha mtu kuvuka nyumba yoyote. Hakuwahi kuvuka ua wa Maneromango wazee wakiwa mkekani.

Dawa yake ni hii, na ishikeni vizuri. Usikimbie kutoka rauta hadi busta. Ilete busta kwa rauta, zichomeke jirani, bonyeza hii, bonyeza ile, zifahamiane zikiwa zimekaa pamoja. Nilifanya hivyo kwenye chumba cha mbele, taa ikawa kijani kabla chai yangu haijapoa. Ukishamaliza, chomoa busta uipeleke mahali pake. Zikishafahamiana hazisahauliani, hata umeme ukikatika na kurudi.

Mahali pake napo palinichekesha. Katikati ya ua umeme ulikuwa sehemu moja tu, bandani, ambako Kondo aliweka soketi kwa ajili ya balbu ya vifaranga. Nikaichomeka hapo, nikaizungushia kikapu ili kuku wasiidonoe.

"Fundi, mtandao wa harusi upitie kwa kuku?" Kondo akauliza.

"Pilau ya harusi mbona inapitia kwa kuku."

Nikaingia kwa Bi Mwamvua kujaribu simu. Mama mwembamba, macho makali, hogo lake limewekewa mto. Hakuniuliza kitu kuhusu vidude vyangu. Aliuliza moja tu.

"Nitamwona na hina?"

"Hadi kucha, mama."

"Mabinti wote wa nyumba hii hina niliwapaka mimi," alisema. "Huyu tu ndiye kapakwa na watu wengine." Akageuzia uso ukutani, nami nikajifanya natafuta kitu mkobani.

Siku ya ndoa nilikuwa pale kitandani pake. Simu tuliiegemeza kwenye debe la unga. Upande wa Picha ya Ndege mwenye simu alikuwa shangazi yake Tatu, na tuliwaona wanawake wamejaa chumbani, vigelegele vinapanda. Tatu alikuwa akifungwa mtandio, ametupa mgongo. "Mgeuzeni," Bi Mwamvua akasema. Wakaanza kumgeuza, na hapo picha ikaganda, kisha ikapotea kabisa.

Umeme ulikuwa umekatika. Haukukaa, ulirudi palepale, na nilimwambia Bi Mwamvua tungoje kidogo, busta itajishika yenyewe. Ningekuwa nimesema kweli kama Kondo asingekuwepo. Yeye alishaingia bandani, akaona taa nyekundu, akaweka kidole kwenye kitufe akakandamiza kwa mapenzi yake yote.

"Nilidhani nikiibonyeza sana itapata nguvu," aliniambia, jasho linamtiririka, vifaranga wanamzunguka miguuni.

Ilikuwa imefuta kila kitu. Nikaichomoa, nikatoka nayo bandani kwenda chumba cha mbele kwenye rauta, na mbele yangu nikaukuta mkeka. Si ule mkeka wa siku ile. Leo ilikuwa harusi, na wazee wa Maneromango walikuwa wamejaa kutoka mlango wa banda hadi mlango wa Kondo. Mimi na mvi zangu, pale nilikuwa mtoto. Na kule Kibaha nilijua mashahidi wa shehe wakimfikia Tatu na simu iko kimya, atasema hapana mbele ya watu wa Tabora, na neno hilo likishatoka halirudishwi.

Nikainama kwa wa kwanza. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wa wapi wewe?"

"Wa Kisarawe, mzee."

"Kisarawe kwa nani?"

Mkiulizwa hivyo, wanangu, mjue ndiyo kwanza mazungumzo yanaanza, na kwa mila zetu huwezi kumwambia mzee wa watu ngoja kwanza.

"Nyie wazee."

Ilikuwa sauti ya Bi Mwamvua, inatoka dirishani kwake. Mkeka wote ukageuka.

"Mimi ni mkubwa wenu. Kuna anayebisha?"

Hakubisha mtu.

"Basi shikamoo zote za huyu fundi nimezipokea mimi kwa niaba yenu. Marahaba, marahaba, marahaba. Hali yake nzuri, watoto wake wazima, mvua kwao imenyesha. Mpisheni, mjukuu wangu ananingoja."

Walicheka wale wazee hadi mmoja akadondosha fimbo. Wakakunja miguu, wakavuta kanzu, njia ikafunguka katikati yao, nami nikakimbia kama ambavyo sijakimbia tangu niache nguzo. Nikachomeka, nikagusa hii, nikagusa ile. Kijani. Nikarudi mbio na busta yangu kifuani, na nilipompita yule mzee asiyesikia vizuri akaniitikia marahaba wakati hata sijamwamkia. Nilimkuta Kondo bandani, nikamwambia aweke mikono mgongoni na aiache hukohuko.

Busta hiyo mpaka leo iko bandani. Wazee nao wameweka sheria: mkeka unatandikwa kwa kuacha njia pembeni, na anayepita hapo akiwa na busta mkononi hadaiwi salamu. Kondo amekatazwa kuishika kabisa. Lakini sijamaliza ya siku ile.

Picha iliporudi, tulimwona Tatu, safari hii uso. Macho yake yalikuwa mekundu, na nyuma yake mashahidi walikuwa wameshasimama mlangoni.

"Bibi?"

"Nipo."

"Unaniona?"

"Lete mikono."

Tatu akainua mikono mbele ya simu. Bi Mwamvua akaisogelea kadiri hogo lilivyomruhusu, akakagua kidole kimoja kimoja, pande zote mbili.

"Gumba la kushoto hawakulijaza," akasema. "Haidhuru. Wamejitahidi."

Tatu akacheka na kulia kwa pamoja. "Shikamoo, bibi."

Bi Mwamvua, aliyekuwa amepokea shikamoo za ua mzima kwa pumzi moja, hii hakuiitikia upesi. Alinyamaza, nami nikadhani picha imeganda tena, nikainama kuangalia. Haikuwa imeganda. Alikuwa akimtazama tu.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Haya, wajibu watu. Sema kwa sauti, na mimi nisikie."

Tatu akawaambia amekubali. Vigelegele vilipigwa Kibaha na Asha akavipokea Maneromango, na kuku nao wakapiga kelele zao. Mimi nililia wazi, sikuona sababu ya kujificha. Baadaye, ndoa ilipokwishafungwa, wakamleta Shabani mbele ya simu na kofia yake mpya, akamwamkia bibi kwa heshima zote.

"Marahaba, mume wangu," Bi Mwamvua akajibu, maana mume wa mjukuu ni mumewe, na Mnyamwezi kwa Mzaramo kama yeye ni mtani, haachwi hivihivi. "Wewe Mnyamwezi, si ndio babu zako walibeba mizigo ya watu kwa miguu, kutoka Tabora hadi huku kwetu pwani?"

Watu wakaanza kucheka, wakingoja Shabani arudishe utani.

"Ndio hao, bibi."

"Basi leo umechukua mzigo wa kwangu. Huu hautuliwi njiani."

Shabani alifungua mdomo ajibu, akamtazama bibi, akausahau utani wote. Akavua kofia.

"Hautuliwi, bibi," akasema.